Kuweka vitabu vya ufundi wa magari kwenye kompyuta ya nyumbani ili vifunguke bila intaneti

Mwongozo huu unamhusu mwenye gereji ndogo, au mwenye gari anayelitengeneza mwenyewe uani, ambaye ana kompyuta hata ya zamani na angependa kitabu cha ufundi cha gari lake kifunguke saa yoyote, kifurushi cha data kiwepo au kisiwepo. Kwa kitabu cha ufundi ninamaanisha kile ambacho mtengenezaji wa gari huwaandikia mafundi wake, chenye hatua za kufungua na kufunga, vipimo vya kukaza bolti, michoro ya waya na maana za kodi za hitilafu; si kile kijitabu kinachokaa kwenye dashibodi kikieleza namna ya kuwasha waipa. Mifano yangu mingi ni ya Toyota za kutoka Japani, kwa sababu ndizo zinazoingia kwenye gereji zetu kila siku, lakini taratibu zenyewe zinafaa pia kwa Nissan, Mazda au Subaru.

Wengi wanaoniomba msaada hawajakosa kitabu. Wanacho kwenye diski au kwenye flashi, ila wakikifungua wanapata ukurasa mweupe, orodha ya yaliyomo isiyobofyeka, au herufi zisizosomeka. Mara nyingi kitabu chenyewe ni kizima, na kilichoharibika ni mazingira yake, yaani kivinjari, majina ya mafaili au mahali kilipowekwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mazingira hayo.

Hatua ya 1: Litambue gari kabla ya kugusa kompyuta

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Yana namba ya chasisi yenye sehemu mbili zinazotenganishwa na kistari. Sehemu ya kwanza hutaja aina ya bodi na injini, na ya pili ni namba ya mfululizo. Isome kwenye kibati kilichopigwa chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kisha uilinganishe na kadi ya gari. Usiridhike na jina lililoandikwa nyuma ya gari. Toyota IST ya kwanza, kwa mfano, ipo ya NCP60 yenye injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3, na ipo ya NCP61 yenye 1NZ-FE ya lita 1.5. Premio na Allion za kizazi cha 240 zilitoka na injini za familia tatu: NZT240 ina 1NZ-FE, ZZT240 ina 1ZZ-FE, na AZT240 ina 1AZ-FSE inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Anayefungua AZT240 huku akisoma ukurasa wa NZT240 hana tofauti na asiye na kitabu, na pengine huyo wa pili ana nafuu kwa kuwa atakuwa mwangalifu zaidi.

Namba hiyo ndiyo itakayokuonyesha pia kitabu mbadala pale ambapo kile cha Kijapani hakipatikani. IST ya NCP61 iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA, modeli za 2004 hadi 2006, ikiwa na injini ileile ya 1NZ-FE. Vitz ya kwanza iliuzwa Ulaya kwa jina la Yaris. Kitabu cha Kiingereza cha Scion xA kitakufaa sana kwenye injini, lakini kwenye mpangilio wa dashibodi, waya na usukani kumbuka kwamba gari hilo lina usukani wa kushoto. Ukipata kitabu cha Uingereza au Australia, ambako wanaendesha upande uleule tunaoendesha Tanzania na Kenya, kichague hicho kwanza.

Hatua ya 2: Pata nakala halali na ujue ni ya aina gani

Vitabu hivi vinalindwa na sheria ya hakimiliki; Tanzania ina ya mwaka 1999 na Kenya ina ya mwaka 2001. Njia safi ni kununua diski au kitabu chenyewe, au kulipia tovuti rasmi ya mtengenezaji kwa muda mfupi na kuhifadhi kurasa unazohitaji kwa kadiri masharti yake yanavyoruhusu. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2007 iliwalazimu watengenezaji kuzipa gereji huru taarifa za matengenezo, na ndiyo sababu tovuti za namna hiyo ziko wazi kwa yeyote anayelipa. Epuka vifurushi vinavyokuja na programu ndogo ya kuvunja leseni. Mbali na suala la sheria, hapo ndipo virusi hupenda kujificha, na antivirusi inapolalamika muuzaji hukuambia uizime.

Ukishapata nakala, fungua folda na uangalie miisho ya majina ya mafaili. Ukiona PDF pekee, kazi yako ni nyepesi. Ukiona mamia au maelfu ya mafaili ya HTM au HTML pamoja na folda za picha, hicho ni kitabu cha kurasa za kivinjari. Ukiona programu ya kusakinisha, hasa ya miaka ya Windows XP, utahitaji hatua ya 6.

Hatua ya 3: Nakili diski na uipe makazi mazuri

Diski ya CD inabeba megabaiti 700 na DVD ya kawaida gigabaiti 4.7, kwa hiyo nafasi si tatizo. Tatizo ni mikwaruzo. Usiifanye diski halisi kuwa kitu cha kutumia kila siku. Inakili mara moja kuwa faili moja la ISO, yaani nakala kamili ya diski nzima ndani ya faili moja, kisha uihifadhi mbali na mkono wa gereji. Kwenye Windows, programu ya ImgBurn inafanya kazi hiyo bila gharama. Diski ikiwa imekwaruzika, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha tumia Linux, mfumo endeshi wa bure ulio mbadala wa Windows, na programu ya ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka halafu hurudi kuzing'ang'ania zilizobaki:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 kitabu.iso kitabu.map
ddrescue -b 2048 -d -r 3 /dev/sr0 kitabu.iso kitabu.map

Faili la ISO la DVD linaweza kuzidi gigabaiti 4, na flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili la ukubwa huo hata kama ina nafasi tele. Iandae kwa exFAT kabla ya kunakili, ukijua kwamba kuiandaa upya kunafuta kila kilichomo.

Windows 8 na zinazofuata hufungua ISO kwa kuibofya mara mbili, kana kwamba umeingiza diski. Nakili vilivyomo hadi kwenye folda yenye njia fupi, mfano C:\VITABU\NCP61. Ufupi huu una sababu yake. Programu nyingi za Windows hazivumilii njia ya faili inayozidi herufi 260, na vitabu hivi vina folda ndani ya folda. Ukikiweka kitabu ndani ya folda ya vipakuliwa, ndani ya folda yenye jina lako kamili, ndani ya nyingine iliyoandikwa "vitabu vya magari vipya", kurasa za ndani kabisa zitakataa kufunguka na hutaambiwa sababu.

Wanaotumia Linux wana mtego wao. Windows haitofautishi Picha01.GIF na picha01.gif, lakini Linux inatofautisha. Kitabu kilichotungwa kwenye Windows kikiwa na viungo vilivyochanganya herufi kubwa na ndogo kitaonyesha maandishi bila michoro. Ukiona hivyo, usianze kubadilisha majina ya mafaili kimoja kimoja; kiweke kitabu kwenye diski yenye mfumo wa exFAT, ambao hautofautishi herufi kubwa na ndogo, nawe usonge mbele.

Hatua ya 4: Vitabu vya PDF

Sakinisha SumatraPDF, ambayo ni nyepesi hata kwa kompyuta yenye kumbukumbu ndogo na hukumbuka ukurasa uliokomea. Jaribu kutafuta neno kwa Ctrl na F. Lisipopatikana neno unaloliona kwa macho, kurasa zako ni picha tupu zilizopigwa skana. Zipitishe kwenye OCRmyPDF, ambayo huongeza maandishi yanayotafutika nyuma ya picha. Kazi hiyo ni ya kuiacha usiku, kwani kitabu cha kurasa elfu moja huichosha kompyuta ya zamani.

Hatua ya 5: Vitabu vya kurasa za kivinjari

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kitabu cha namna hii huwa na orodha ya yaliyomo upande wa kushoto na maelezo upande wa kulia, na ukibofya kushoto, kulia kunabadilika. Mawasiliano hayo hufanywa na hati ndogo zilizomo ndani ya kurasa. Vivinjari vya sasa, kwa ajili ya usalama, huchukulia kila faili lililofunguliwa moja kwa moja kutoka kwenye diski kuwa geni kwa jirani yake, hivyo huzuia kurasa hizo zisiongeleshane. Matokeo yake unabofya "Breki" na hakuna kinachotokea. Kitabu hakijaharibika, kimezibwa mdomo tu.

Dawa yake ni kukipeleka kitabu kwa kivinjari kupitia seva ndogo inayoishi ndani ya kompyuta hiyohiyo. Ukiwa bado na intaneti, pakua kisakinishi cha Python, lugha ya programu ya bure iliyo na seva hiyo ndani yake, kutoka kwenye tovuti yake rasmi na ukisakinishe. Kuanzia hapo intaneti haihitajiki tena. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike:

cd /d C:\VITABU\NCP61
py -m http.server 8000

Acha dirisha hilo wazi, kisha andika kwenye kivinjari http://localhost:8000. Ukiona orodha ya mafaili badala ya kitabu, maana yake ukurasa wa mwanzo hauitwi index.html, tafuta lenye jina kama start, top au menu na ulibofye. Kila kitu kikienda sawa, hifadhi mistari hiyo miwili kwenye faili la maandishi linaloishia na .bat na uliweke kwenye skrini ya mwanzo (desktop), ili hata kijana wa gereji asiyejua chochote kuhusu amri aweze kulibofya na kuendelea na kazi.

Njia hii ina faida nyingine ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Kompyuta na simu zikiwa kwenye Wi-Fi moja, hata ile ya ruta isiyo na intaneti kabisa, simu inaweza kusoma kitabu ukiwa chini ya gari. Fungua dirisha jingine la amri kwenye kompyuta, andika ipconfig, soma anwani ya IPv4, mfano 192.168.1.10, kisha andika http://192.168.1.10:8000 kwenye kivinjari cha simu. Ngao ya Windows (firewall) itauliza kama iruhusu Python. Iruhusu kwa mtandao binafsi tu. Seva hii haina nenosiri, na kila aliye kwenye Wi-Fi hiyo ataona kila kilichomo ndani ya folda uliyoitaja, kwa hiyo usiianzishe kamwe kwenye folda yenye nyaraka zako. Laptopu ibaki mezani pasipo na mchanga wala oili, na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka ndiyo ishuke shimoni.

Hatua ya 6: Vitabu vinavyotaka kompyuta ya zamani

Vitabu vingi vya miaka ya 2000 vilitungwa kwa ajili ya Internet Explorer, na Microsoft ilikistaafisha kivinjari hicho tarehe 15 Juni 2022. Kabla ya kukata tamaa, jaribu kivinjari cha Edge, ambacho kimebeba ndani yake hali ya Internet Explorer. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya kivinjari chaguomsingi, uruhusu kurasa zifunguliwe upya kwa hali hiyo, kisha uongeze anwani ya ukurasa wako wa mwanzo kwenye orodha, ukitumia ile anwani ya localhost ya hatua iliyotangulia. Ruhusa hiyo hudumu siku 30 kisha hufutika. Kitabu kikikataa ghafla kufunguka baada ya mwezi, anza kuangalia hapo.

Michoro ya waya ikiendelea kukataa huku maandishi yakisomeka, huenda kitabu kinadai kiongezo cha kivinjari ambacho hakitengenezwi tena, kama kile cha Adobe cha kuonyesha michoro ya SVG. Mara nyingi kiongezo chenyewe kimo ndani ya diski ya kitabu, ila hakikubaliani na Windows ya leo. Suluhisho linalodumu ni mashine pepe, yaani kompyuta ya zamani inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta yako. VirtualBox ya Oracle inatosha. Utahitaji diski na leseni yako ya Windows XP. Wengi wanayo kwenye kibandiko cha kompyuta iliyokufa, ingawa leseni iliyokuja na kompyuta fulani huwa na masharti yake, kwa hiyo yasome. Ipe mashine hiyo kumbukumbu ya megabaiti 512 au 1024. VirtualBox ikidai kwamba kompyuta haiwezi, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uwashe kipengele kinachoitwa VT-x kwa Intel au AMD-V kwa AMD, kwa sababu kompyuta nyingi hutoka kiwandani kikiwa kimezimwa.

XP ikishawaka, fanya mambo mawili kabla ya mengine yote. Kwanza, nenda kwenye mipangilio ya mtandao ya mashine hiyo uondoe alama ya kuwasha kadi ya mtandao. Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na mfumo wa namna hiyo hauna sababu ya kukutana na intaneti, hasa kwa kuwa shabaha yetu ni kuishi bila hiyo intaneti. Pili, unganisha faili la ISO kama diski ya mashine pepe, ili kitabu kidhani kiko kwenye kompyuta ya mwaka 2004. Sakinisha kitabu na kiongezo chake, hakikisha mchoro mmoja wa waya unafunguka na kukuzika, kisha piga picha ya hali ya mashine kwa kitufe cha snapshot. Siku mtu akiharibu kitu, utairudisha mashine kama ilivyokuwa kwa kubofya mara chache.

Hatua ya 7: Kitabu cha Kijapani

Herufi zikionekana kama takataka, kurasa zimeandikwa kwa usimbaji wa Shift_JIS, mfumo wa kuhifadhi herufi za Kijapani kwenye kompyuta, na kivinjari kimekosea kuukisia. Firefox ina amri ya kurekebisha usimbaji wa maandishi kwenye menyu ya kutazama. Mafaili yakiwa yamekuja ndani ya ZIP na majina yake ndiyo yaliyoharibika, viungo havitafanya kazi kabisa; yafungue upya kwa 7-Zip:

7z x kitabu.zip -mcp=932

Kusoma Kijapani si lazima ili utumie kitabu chake, maana michoro inasema mengi. Jifunze kuyatambua maneno manne kwa umbo: 取り外し ni kuondoa, 取り付け ni kufunga, 点検 ni ukaguzi, na 締付トルク ni nguvu ya kukaza. Kwa sentensi ndefu, pakua mapema kifurushi cha Kijapani kwenye programu ya kutafsiri ya Google ya simu. Kamera yake itatafsiri maandishi ya skrini bila intaneti. Tafsiri hiyo iamini kwenye majina ya vipuri, lakini usiiamini kwenye mpangilio wa hatua bila kutazama mchoro.

Hatua ya 8: Jaribu, tunza nakala

Zima ruta, zima data ya simu, washa upya kompyuta, kisha mwombe mtu mwingine, si wewe, atafute ukurasa wa kubadilisha pedi za breki za mbele. Akishindwa ndani ya dakika chache, kuna kitu kilikuwa kinategemea intaneti au kinategemea kichwa chako. Jaribio hili limeniaibisha zaidi ya mara moja.

Baada ya hapo nakili folda nzima ya VITABU, pamoja na ISO, kisakinishi cha Python na faili la mashine pepe, hadi kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine. Ili ujue kama nakala imefika nzima, andika certutil -hashfile kitabu.iso SHA256 kwa nakala zote mbili na ulinganishe mistari inayotokea. Herufi moja ikitofautiana, nakili upya.

Hatua ya 9: Soma kipimo kwa kizio chake

Kitabu kikishafunguka, hatari inahamia kwenye namba. Nati za magurudumu za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nguvu iliyoandikwa hivi kwenye vitabu vya Marekani: 103 N·m (1,050 kgf·cm, 76 ft·lbf). Hizo si namba tatu za kuchagua. Ni nguvu moja iliyoandikwa kwa vizio vitatu. Mjomba wangu, fundi wa miaka mingi, alimtuma kijana wake asome kipimo hicho kwenye simu. Kijana akarudi na "sabini na sita", mjomba akaiseti spana ya kupimia nguvu, ambayo imechongwa kwa N·m, kwenye 76, na gurudumu likatoka gereji likiwa limekazwa pungufu kwa zaidi ya robo. Mwenye gari alirudi kesho yake akilalamikia mlio. Tangu siku hiyo, kila jedwali la vipimo tunalolitumia mara kwa mara tunalichapisha kwenye karatasi, tunakata kwa kalamu nyekundu vizio vyote isipokuwa kile kilichochongwa kwenye spana yetu, na tunalibandika ndani ya mfuko wa plastiki juu ya benchi, namba ya chasisi ikiwa imeandikwa pembeni kwa herufi kubwa.